Rangi ya Kucha kwenye Skrubu

Kila Jumamosi mchana, Kibomet nzima ilijua Rispah yuko wapi. Ungesikia sauti yake kabla ya kuliona kanisa. "Soprano, kwani hamjakula? Imbeni kama watu wameshiba!"

Asubuhi hiyohiyo alikuwa amepukuchua mahindi na mumewe Eliakim, akafua, akapika. Lakini kwaya ni kwaya. Rispah ndiye aliyetunga nyimbo, ndiye aliyefundisha, na mambo yakienda mrama ndiye aliyelaumiwa.

Na mwaka wa 2008 yalienda mrama hasa. Kwenye mashindano ya kwaya kule Bungoma, kwaya iitwayo Sauti ya Mavuno ilitangulia jukwaani. Ikaimba wimbo mpya wa Rispah, neno kwa neno, hata ile besi aliyoitunga akikama ng'ombe. Watu wa Kibomet walipopanda na kuimba wimbo uleule, ukumbi ulicheka. Mwamuzi akasema wazi kwamba kuna watu wanaiga wenzao. Rispah alilia njia nzima mpaka Kitale.

Mwaka uliofuata wazee wa kanisa walimwita. Aibu kama ile ikirudi, walimwambia, kwaya itapata mwalimu mwingine.

Wimbo ulitokaje? Rispah alishuku mpaka waimbaji wake mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma. Nyimbo zote alizirekodi kwenye laptopu aliyopewa na shemeji yake. Aliipenda laptopu hiyo kupita kiasi. Aliifumia kitambaa cha uzi kama kile cha redio. Nyumbani hapakuwa na stima, basi aliipeleka kuchajiwa dukani kwa Makokha, kama watu wanavyopeleka simu. Unaacha kitu chako, unapewa kikadi chenye nambari, unarudi jioni. Kikadi hicho alikitunza kuliko cheti cha ndoa. Tena laptopu ilikuwa na neno la siri, sasa wasiwasi wa nini?

Jirani yao Nyaruai alifundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini. Siku moja alikuja kurudisha sufuria, akamkuta Rispah akipangusa laptopu vumbi, ameigeuza chini juu.

"Mama Joan, ngoja kwanza," Nyaruai akasema. "Nani alifungua hii kitu?"

"Si mimi huifungua kila siku, Mwalimu?"

"Hapana, huku chini. Angalia hizi skrubu. Hii imekwaruzwa na bisibisi. Na hii ni nyeusi, lakini hizo zingine zote ni nyeupe."

Rispah aliinama kutazama.

"Lakini iko na neno la siri," Eliakim akasema. "Hata mimi hajaniambia."

"Baba Joan, neno la siri linalinda mlango tu. Huyu hakupitia mlangoni. Alifungua skrubu, akatoa diski. Diski ndiyo inaweka kazi yenu yote. Aliichomeka kwa kompyuta yake, akanakili, akarudisha. Nyinyi mkapewa laptopu yenu na kitambaa chake juu."

Asubuhi walikuwa kwa Makokha kabla hajafungua duka vizuri. Makokha alikuwa mtu mwaminifu, na alikuna kichwa akikumbuka.

"Mwaka jana kulikuwa na fundi wa simu. Nilimpatia meza huko nyuma. Alikaa kidogo tu, akahama. Lakini bana, huyo mtu alikuwa anaimba! Besi nzito."

Eliakim alifura kwa hasira. Rispah, ajabu, alifurahi mpaka akacheka. Waimbaji wake hawakuwa na hatia. Aliona kama ametuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Jioni hiyo Nyaruai aliketi mezani kwao na laptopu. Phelista, msichana wa soprano, naye alikuwepo.

"Kwanza tunaweka programu ya kuvuruga kila kitu kwenye diski," Nyaruai alieleza. "Ni kama mahindi yakipita kinuni. Mwizi akitoa diski, anapata unga. Wewe peke yako, na sentensi ndefu ya siri utakayochagua, ndio mnaweza kuurudisha uwe mahindi."

"Sentensi nzima?"

"Nzima. Na isiwe jina la mtoto."

Neno la siri la Rispah lilikuwa Joan.

"Ukimaliza kazi, zima kabisa," Nyaruai aliendelea. "Usifunge kifuniko tu. Ikiwa imelala, ufunguo bado uko ndani, na mtu mjanja anaweza kuuchomoa."

Kisha aliweka neno lingine la siri, ambalo laptopu ingeuliza mara tu ikiwashwa. Akaizuia pia isiwashwe kwa CD wala flashi ya mtu. Mwishowe akauliza, "Nani ako na rangi ya kucha? Ile ya kumetameta."

Rispah alikuwa akimkemea Phelista kila wiki kwa sababu ya rangi hiyo. Polepole, Phelista akatoa kichupa mfukoni.

Wakatia tone juu ya kila skrubu. Ilipokauka, Phelista akapiga picha kwa simu yake.

"Hizi chembe zinakaa vile zinataka," Nyaruai alisema. "Hakuna mtu anaweza kuzipanga tena zikae hivi. Ikitoka mikononi mwako, ukirudi linganisha na picha. Ukipata rangi imepasuka, usiiwashe. Usiandike hiyo sentensi hata kidogo. Pengine mtu ameweka kidude cha kunasa kile unaandika. Niletee kwanza."

Tangu hapo Rispah hakuiacha tena kwa Makokha. Alikaa palepale dukani akifuma uzi mpaka chaji ijae. Akatunga wimbo mpya, mtamu kushinda ule wa kwanza, na kwaya ikaufanyia mazoezi mpaka Kibomet ikalala ikiuota.

Siku ya mashindano ikafika. Huko Bungoma kwaya zilipewa madarasa ya kuwekea mizigo. Eliakim aliachwa kulinda mizigo na laptopu, Rispah akaenda kuandikisha kwaya. Lakini aliitwa kula kuku, na Eliakim hajawahi kumkataa kuku.

Rispah aliporudi aliigeuza laptopu. Phelista akafungua picha. Rangi kwenye skrubu ya pembeni ilikuwa imepasuka.

"Washa tuone kama wimbo uko!" Eliakim akasema, mafuta bado mdomoni.

Kidole cha Rispah kilikuwa tayari kwenye kitufe. Alitaka sana kujua.

"Mama, kumbuka Mwalimu alisema nini," Phelista akamnong'oneza.

Rispah akaondoa kidole. "Hatuwashi. Wimbo tunao kichwani. Twende."

Sauti ya Mavuno waliitwa mapema. Mwanaume mmoja wa besi nzito alisimama safu ya nyuma. Rispah alimfinya Eliakim mkono mpaka akalalamika. Je, wataimba wimbo wake tena?

Wakaimba. Ulikuwa wimbo wa zamani, ambao kila mtu ukumbini aliujua. Rispah alitaka kuruka juu. Alijizuia, maana yeye ni mke wa mtu na wazee wa kanisa walikuwa wanatazama.

Zamu ya Kibomet ilipofika, waliimba kama watu walioshiba. Ukumbi ulisimama. Mwamuzi yuleyule wa mwaka jana alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Wazee wa kanisa walipiga makofi mpaka kofia zikaanguka.

Nje, yule wa besi alimsogelea Rispah. "Mama, huu wimbo mliuweka wapi?"

"Kichwani," Rispah akamjibu. "Huku hakuna skrubu."

Jumatatu Nyaruai aliifungua laptopu na kuikagua. Diski ilikuwa imetolewa na kurudishwa, lakini kilichokuwemo kilikuwa unga mtupu. Hakukuwa na kidude chochote. Akafunga, na Phelista akaitwa kupaka rangi upya. Alipomaliza skrubu alipaka na kucha zake, mbele ya Rispah, na Rispah akamsogezea taa aone vizuri.