Sikio la Kulia Ndani ya Helmeti

Kila Jumapili asubuhi, Kuo Jung-tse na mkewe A-luan hufika kwenye kibanda changu kabla ya saa moja. Nauza kifungua kinywa hapa mjini Gangshan, nyumba ya pili kutoka kwao. Mume hula chapati ya mayai. Mke hunywa maziwa ya soya ya moto. Wakimaliza, hupanda pikipiki yao kubwa ya bluu na kwenda milimani. Watoto wao wako mbali, na hiyo ndiyo starehe yao wawili.

"Kaka Jung-tse, nikuongezee pilipili?" nilizoea kuuliza.

Yeye aliendelea kutafuna.

"Kaka Jung-tse!"

Hapo A-luan alimgonga kwa kiwiko. "Unaulizwa, mzee!"

"Eh? Ndiyo, ndiyo. Weka."

Nilikuwa namwekea vijiko viwili vya pilipili yetu ya maharage. Kwa miaka mingi nilidhani bwana huyu ana maringo. Alifanya kazi miaka thelathini na miwili kwenye kiwanda cha skrubu, akastaafu akiwa fundi mkuu. Tulisema cheo kimempanda kichwani. Nakiri kwamba na mimi nilisema hivyo, tena si kwa kunong'ona.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu mwaka jana, walikwenda Liugui, kule milimani. Mama yake A-luan amezikwa huko, kwenye mteremko juu ya shamba la maembe. Siku ya kufagia makaburi, ambapo kila familia husafisha makaburi ya wazee wake, ilikuwa imebaki mwezi mmoja. A-luan alitaka kuona kama majani yamelifunika kaburi.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Kwenye kona moja, A-luan aliona mawe yameporomoka barabarani.

"Mawe!" akapaza sauti. "Mawe kulia!"

Jung-tse alisikia sauti, lakini hakupata maneno. Akafanya alivyozoea. Aligeuza kichwa ili sikio lake la kulia limwelekee mkewe. Macho yakaacha barabara. Gurudumu la mbele likapanda jiwe, pikipiki ikaserereka, ikasimama shubiri moja tu kutoka kwenye ukingo wa chuma. Chini ya ukingo ule kulikuwa na korongo, na chini ya korongo kulikuwa na mto.

A-luan alishuka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mumewe.

"Mwaka huu kaburini nitakwenda kwa basi," alisema. "Nyuma yako sipandi tena."

"Nilitaka kukusikia tu, mke wangu."

"Nyumbani hunisikii miaka nenda miaka rudi. Leo ndiyo ukatake kunisikia kwenye kona?"

Siku ile basi halikuwapo, akapanda, wakarudi polepole. Jumapili iliyofuata Jung-tse alikuja peke yake. Alikula chapati nusu, akaacha nusu.

Mwanamume yule alitaka mkewe arudi kwenye kiti cha nyuma kabla ya siku ya makaburi. Hakumwomba ushauri mtu yeyote, maana fundi mkuu haombi ushauri. Alifungua simu yake, akatafuta vifaa vya kuzungumzia ndani ya helmeti, vile visivyo na waya. Akanunua vilivyosifiwa kuliko vyote. Tangazo lilisema vinafika kilomita mbili, vina besi nzito, na vina taa za rangi saba.

Boksi lilipofika, alilipeleka hekaluni kwanza. Akalizungusha mara tatu juu ya chetezo cha ubani, kama tunavyofanya kwa pikipiki mpya ili ipate baraka. Kisha akakaa barazani na helmeti mbili.

Spika zilikuwa nene. Hazikuingia. Jung-tse akaleta mashine yake ya kutobolea, akachimba ndani ya helmeti zote mbili, pande zote mbili. Alifanya kazi safi sana. Aliniita nikaone.

"Angalia," alisema. "Zimekaa barabara kabisa. Kiwandani wangenipa zawadi."

A-luan alikubali kujaribu, lakini kwenye barabara ya kando ya reli tu. Walirudi baada ya dakika kumi. Alivua helmeti akaniambia, "Dada, nimeongea na feni. Upepo tu, vuuu! Na yeye bado anageuza shingo kama kuku."

"Nimeongeza sauti mpaka mwisho," alisema Jung-tse. "Bado sipati maneno."

"Umekipitisha kwenye ubani," alisema A-luan. "Labda kirudishe, mungu hakusikia vizuri."

Nilicheka. Jung-tse hakucheka. Alikuwa ameishika helmeti kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka. Nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza.

"Kaka," nikamwambia, nikikaribia, "nenda kwa Mama Chiung-tzu, karibu na stesheni. Yule anauza helmeti, na mwenyewe ni mwendeshaji. Kisiwa hiki amekizunguka kwa pikipiki mara sita."

Walikwenda wote wawili. Yaliyotokea huko walinisimulia baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, na hadithi zao zililingana.

Mama Chiung-tzu alivaa miwani yake, akaichungulia helmeti ya Jung-tse, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Jung-tse, kifua mbele.

"Umetoboa vizuri sana kitu ambacho hakikutakiwa kutobolewa."

Kifua kikashuka.

"Hili povu gumu jeupe, kama la maboksi ya samaki, ndilo helmeti yenyewe," alieleza. "Ukianguka, ganda la nje linagonga chini, na povu linabonyea badala ya fuvu lako. Ulipolichimba, hapo hakuna tena cha kubonyea. Helmeti hizi mbili msizivae tena. Spika inakaa ndani ya kitambaa cha shavuni, kwenye nafasi ya sikio. Isipoingia, tafuta spika nyembamba au helmeti yenye nafasi. Povu haliguswi."

"Nilidhani ni la kuzuia joto," alisema Jung-tse kwa sauti ndogo.

"Wengi wanadhani hivyo. Sasa niambieni, mkiwa barabarani mnakaa umbali gani?"

A-luan akajibu, "Tumbo langu linagusa mgongo wake."

"Basi hizo kilomita mbili ni za nini? Mnataka kuongea na mabaharia?"

Hata Jung-tse alitabasamu.

"Tena umbali ule hupimwa kwenye barabara nyoofu, pasipo na kitu katikati. Mlima ukikaa kati ya pikipiki mbili, hesabu inabadilika. Wanaokwenda kikundi ndio wa kuuliza habari za umbali. Nyinyi wa pikipiki moja mnatakiwa kuuliza kama maneno yatasikika ndani ya upepo."

Akaonyesha kinasa sauti cha kile kifaa, kidogo kama kitufe. "Hiki kimetengenezwa kwa helmeti inayofunika mpaka kidevu. Kinabandikwa mbele ya mdomo, ndani. Helmeti zenu ziko wazi kidevuni. Mlikibandika wapi?"

"Shavuni," alisema A-luan.

"Ndiyo maana uliongea na feni. Helmeti ya wazi inataka kinasa sauti chenye mkono wa kupinda, kije karibu kabisa na midomo, na kiwe kimevaa sponji nene."

Aliwapa glavu wazivae. Akawawekea mezani vifaa vitatu tofauti. "Fumbeni macho. Tafuteni kitufe cha kupunguza sauti."

Kifaa cha kwanza kilikuwa na vitufe kama punje za mchele. Jung-tse alibonyeza akazima. Cha pili kilikuwa na gurudumu kubwa pembeni. Wote wawili walilipata mara moja.

"Mnaona? Ukilazimika kuangalia kitufe, umeacha kuangalia barabara. Chukueni viwili vya mtengenezaji mmoja, vipatane bila ugomvi. Vistahimili mvua. Betri imalize safari yenu, kwenda na kurudi. Na viwe na alama ya ukaguzi. Taa saba hazisaidii kitu."

Halafu akasogea kushoto kwa Jung-tse, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na masikio yenu yakoje?"

Jung-tse aliendelea kuchezea lile gurudumu.

"Nimeuliza habari za masikio," alisema tena pale pale.

A-luan alikuwa tayari ameinua kiwiko. Mama Chiung-tzu akamzuia kwa mkono. Akazunguka taratibu, akasimama mbele ya Jung-tse.

"Kaka, siulizi ili nikucheke. Spika naiweka mahali sikio linaposikia. Ikikaa nyuma ya tundu la sikio kwa upana wa vidole viwili tu, utaongeza sauti mpaka mwisho na bado hutapata neno. Nisipojua ni sikio lipi linafanya kazi, nitakuuzia mapambo."

Jung-tse aliangalia mikono yake.

"La kushoto limekufa," alisema. "Huu ni mwaka wa kumi na moja. Ni kelele za zile mashine za skrubu."

A-luan aliweka glavu mezani. "Miaka kumi na moja?"

"Ningesema, wangeniondoa kwenye mashine."

"Mimi ni kiwanda?"

Jung-tse akavua glavu zake pia.

"Mezani nakaa kushoto kwako," alisema A-luan. "Kitandani nalala kushoto kwako, na wewe sikio la kulia unalilalia. Yote niliyokuambia miaka hii, nilikuwa naambia ukuta. Nikadhani umenichoka."

"Sijakuchoka hata siku moja. Niliona aibu."

Mama Chiung-tzu akaenda nyuma ya duka kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Alikaa huko muda mrefu. Nampenda mama yule kwa sababu hiyo.

Aliporudi, mambo yalikwenda haraka. Walichagua helmeti mbili mpya zenye nafasi za masikio, na vile vifaa vya gurudumu kubwa. Spika ya kulia aliiweka yeye mwenyewe, akimwambia Jung-tse avae, avue, avae tena, mpaka ikakaa juu ya tundu la sikio hasa. Ya kushoto aliiacha ndani ya boksi. Kisha akamvalisha A-luan helmeti yake, akamtuma nje, pikipiki zikipita.

"Mzee," alisema A-luan kutoka barabarani, bila kupaza sauti, "hapa nje kuna mtu anauza viazi vitamu vya kuchoma."

"Nunua viwili," alijibu Jung-tse.

Mama Chiung-tzu alitoa maonyo ya mwisho. "Hilo sikio moja ndilo ulilobakiwa nalo. Sauti iwe chini, na muziki usiweke, honi za wenzako uzisikie. Mjini msipige soga. Ongeeni yanayohusu barabara. Na kesho nenda hospitali ukapime masikio yote mawili. Mimi nauza helmeti, sitibu."

Alikwenda. Daktari alimwambia la kushoto halitarudi, lakini la kulia ni zima, na linahitaji kulindwa. Kuhusu kupanda kiti cha nyuma mpaka Liugui, A-luan hakuahidi kitu. Kila nilipomuuliza alisema, "Tutaona." Wiki tatu walifanya mazoezi kwenye barabara ya reli. Niliwatazama nikiwa kibandani. Shingo ya Jung-tse haikugeuka.

Siku ya kufagia makaburi, alfajiri, nilimwona A-luan akitoka na mundu, karatasi za kuchoma kwa ajili ya wafu, na mfuko wa chapati laini za kufungia mboga. Basi la Liugui linapita upande wa pili wa barabara. Alisimama akaliangalia likija, likasimama, likaondoka. Kisha akavaa helmeti, akapanda nyuma ya mumewe.

Kwenye kona ile ile mawe yalikuwapo tena.

"Punguza mwendo," alisema A-luan, kwa sauti ya kumwambia mtu ampitishie chumvi. "Mawe, upande wa kulia."

"Nimesikia."

Wakapita. Macho ya Jung-tse hayakuacha barabara. Walipofika mahali palipo wazi, akasimamisha pikipiki pembeni, maana alisikia mkewe anapumua kwa shida.

"Unalia?"

"Siku tuliyomzika mama nilikuuliza jambo, tukiwa kitandani. Hukunijibu. Nimekaa nalo miaka minne."

"Uliniuliza nini?"

"Kama utanileta huku kila mwaka."

Jung-tse alizima injini.

"Nitakuleta," alisema. "Kila mwaka."

Jumapili iliyofuata walikuja wote wawili. A-luan alikaa kulia kwa mumewe, na nyumbani, nasikia, mto wake pia umehamia upande huo. Na mimi nikazunguka meza nikasimama kulia.

"Kaka Jung-tse, nikuongezee pilipili?"

Aliinua uso kabla kiwiko hakijafika.

"Hapana, dada. Pilipili inaniunguza tumbo. Sijawahi kuipenda."

"Lakini miaka yote hii umekuwa ukisema niweke!"

"Nilikuwa sikusikii," alisema. "Nilikuwa naitikia tu."

Nikalirudisha bakuli la pilipili mahali pake. Nilikuwa nimemuunguza jirani yangu kila Jumapili, na bado nikamwita mwenye maringo.