Vidonge vya Kugawana

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, binti mmoja wa darasa la sita hakwenda shule. Siku hiyo kazi yake ilikuwa kumsindikiza bibi yake kituo cha afya kupimwa presha. Alibeba kadi, chupa ya maji na kitabu cha hesabu, kisha wakaketi kwenye benchi nje ya chumba namba moja kumsubiri daktari.

Na daktari mwenyewe, jamani, alikuwa mmoja kwa vituo vitatu! Saa nne ilipita, saa tano ikapita, benchi limejaa na mlango bado umefungwa. Upande wa pili, chumba namba mbili kilikuwa wazi. Humo alikuwamo nesi, na watu waliingia wakatoka na dawa zao mkononi. Binti aliutazama mlango ule mpaka machozi ya hasira yakamlengalenga. Saa hiyohiyo wenzake walikuwa wakifanya mtihani wa hesabu.

"Bibi, twende kwa nesi. Mlinzi amesema siku hizi anapima na kuandika dawa."

"Nesi kazi yake sindano na kufunga vidonda," bibi alijibu. "Mimi nimekuja kwa daktari. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu gani, bibi? Kwa mwendo huu tutakula zilizooza!"

Watu wakacheka. Bibi akamkata jicho.

Saa sita mlinzi alitangaza kwamba daktari hatakuja, ameitwa kwenye upasuaji. Bibi aliinuka kwa hasira, akayumba, akashika ukuta. Binti hakuomba ruhusa tena. Alimshika mkono, akamwingiza chumba namba mbili.

Nesi alimkalisha bibi, akamwacha atulie kwanza, ndipo akamfunga mkanda wa kipimo. Presha ilikuwa juu. Akafungua kadi na kuisoma ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo daktari mwenye haraka zake hakuwahi kulifanya.

"Bibi, dawa yako imeongezwa mara mbili, lakini presha haishuki. Vidonge unavimeza vyote?"

"Vyote, mwanangu. Kila siku."

Binti alihisi uso ukimwaka moto. Kila mwezi walipofika nyumbani, bibi alivigawa vidonge katika vikopo viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha jirani na shoga yake, Bi Kicheko, aliyesumbuliwa na kizunguzungu na asiyetaka kusikia habari za foleni. "Hii ni siri ya nyumba," bibi alimwambia. Miezi mitano binti aliitunza siri hiyo.

"Basi itabidi nikuandikie uende hospitali kubwa, ukapewe dawa kali zaidi," nesi alisema, akichukua kalamu.

"Si kweli!" binti alilipuka. "Anameza siku moja, anaruka siku moja. Nusu anampa Bi Kicheko!"

"Umenivua nguo," bibi alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana, bibi, amekuokoa," nesi alisema. "Tungekuongezea dawa juu ya dawa usiyoimeza, na siku ungeimeza yote ingekuangusha. Mimi nilirudi chuoni miaka miwili kujifunza kupima, kutibu na kuandika dawa. Ugonjwa unaonizidi nampelekea daktari. Lakini usipotuambia ukweli, sote wawili tunatibu gizani. Sasa vimeze kila siku, kimoja kimoja kama ilivyoandikwa, na wiki ijayo nikupime tena. Na huyo jirani, mlete kesho."

Njia nzima bibi alitangulia mbele. Binti alimfuata nyuma akiwa na kinyongo. Mtihani umempita, tena yeye ndiye ameonekana mbaya!

Kesho yake alipotoka shule, aliwakuta bibi na Bi Kicheko wamekaa barazani. Bi Kicheko hakuwa akicheka.

"Presha yangu iko chini, mjukuu wangu," alisema. "Nesi amenipima damu, kumbe ninayo kidogo mno. Vile vidonge vilikuwa vinazidi kunishusha. Ameniandikia dawa zangu mwenyewe, na Jumanne atapita hapa kunitazama."

Bibi alimvuta binti akaketi karibu naye.

"Jana nilikukasirikia bure," alisema. "Nilidhani nampa shoga yangu dawa, kumbe nilikuwa namuua kwa mkono wangu, huku nikimdharau aliyeweza kutusaidia. Dawa ya mwenzio si dawa yako. Na anayekutibu, awe nesi au daktari, usimfiche kitu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua."

Binti aliinamisha kichwa. Hasira zote zilikuwa zimemtoka.

"Na mwezi ujao wewe nenda shule," bibi aliongeza. "Mimi nitakwenda na huyu. Tutachungana."