Ganzi Mguuni mwa Chepkorir

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya mashamba ya mahindi, Chepkorir alikuwa ameshakama ng'ombe, ameshakunywa chai, na ameshapiga mbio kilomita tatu hadi shuleni. Hakuna aliyemwambia akimbie. Yeye alikimbia kwa sababu kutembea kulimchosha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yuko Gredi ya Nane katika shule moja nje kidogo ya mji wa Kitale. Katika mbio za mita elfu moja na mia tano, wasichana wenzake hawakuujua uso wake. Walizoea kumwona kisogo.

Jioni ilikuwa zamu ya Madam Nabwile, mwalimu wa michezo. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Webuye, mwenye filimbi shingoni na maneno machache. Baada ya mbio aliwalaza wanariadha wake nyasini. Kwanza lilikuja zoezi la ubao: unajishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, hutikisiki. Kisha daraja: unalala chali, unakunja magoti, unainua kiuno na kukaa hivyo hivyo ukihesabu.

"Miguu ndiyo inakimbia," Madam alipenda kusema, "lakini inashikiliwa na tumbo na mgongo. Hapa katikati pakilegea, mtaumia."

Kwa kuwa muda wa shuleni haukutosha, kila mmoja alitakiwa kufanya mazoezi hayo nyumbani, dakika ishirini kila jioni. Jumatatu Madam aliuliza swali moja tu: "Nani alifanya wiki nzima?" Waliofanya waliinua mkono. Hakumkagua mtu. Aliwaamini.

Chepkorir aliyadharau mazoezi hayo. Kulala chini na kuhesabu kulihusiana vipi na mbio? Isitoshe, yeye alikuwa mtoto wa mkulima. Kila Jumamosi alijitwika debe la mahindi kichwani hadi kwenye kinu cha kusaga unga.

"Mtu anabeba debe mpaka kwa kinu, ati anafundishwa kulala?" alimnong'oneza rafiki yake Jentrix. "Hii ni ya watoto wa mjini, bana."

Jentrix, ambaye siku zote alimaliza wa pili nyuma yake, alicheka. Lakini alipofika kwao alilala chini akahesabu.

Basi Jumatatu ya kwanza Chepkorir aliinua mkono pamoja na wenzake, na moyo ukamdunda. Jumatatu ya pili moyo haukudunda. Uongo ni kama kiatu kipya, hufinya siku za mwanzo tu. Jumatatu ya tatu aliuinua mkono wa kwanza kabisa.

Madam Nabwile alifurahi. "Chepkorir, kwa vile sasa mgongo wako uko imara, nitakuongezea. Wenzako watapanda kilima mara sita, wewe mara kumi. Na kila ukishuka, utashuka ukiruka. Nataka ufike Bungoma ukiwa moto."

Bungoma kulikuwa na mashindano ya mwaliko, na yalikuwa yamebaki wiki mbili. Chepkorir angekataaje? Angesema nini? Alipanda kilima mara kumi.

Siku ya nne ya kilima, alipokuwa akishuka, kitu kilimchoma kiunoni kama msumari wa moto. Alisimama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Jasho jembamba lilimtoka.

"Uko sawa?" Jentrix aliuliza.

"Niko sawa. Ni kichomi tu."

Hakikuwa kichomi. Kesho yake maumivu yaliteremka kutoka kiunoni hadi kwenye paja la kushoto, na keshokutwa yakafika kwenye shavu la mguu. Chepkorir aliyaficha. Aliuma meno akipanda, akauma meno akishuka, na alipoulizwa alitabasamu. Akisema anaumwa, Madam angeuliza kwa nini mgongo imara umelegea ghafla. Njia ya mwongo ni fupi, na Chepkorir aliona ya kwake inakaribia mwisho.

Jumatano ya wiki ya mashindano alikuwa akitoka zizini na ndoo ya maziwa. Mama yake, aliyekuwa mlangoni, alimkazia macho.

"Chepkorir, slipa yako nyingine iko wapi?"

Chepkorir alitazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu. Umejaa matope, na kajiwe kamejibana kati ya vidole. Slipa yenyewe ilikuwa nyuma kabisa, imenasa kwenye tope karibu na lango la zizi. Ilikuwa imechomoka, naye alikuwa ametembea hatua ishirini bila kujua.

"Nilikuwa na haraka, Mama," alisema.

Aliingia ndani, akakaa kitandani, akavifinya vidole vile. Alivifinya kwa kucha. Hakuhisi kitu. Vilikuwa kama vidole vya mtu mwingine. Hapo hofu ikamwingia kweli kweli, na chai ya asubuhi hiyo haikunyweka.

Siku iliyofuata, Alhamisi, alirudi nyumbani akitembea. Kwenye kona ya barabara alikutana na jirani yao Zachary. Mzee Zachary zamani alipakia magunia kwenye ghala la mahindi, na alijulikana kwa kubeba gunia zima peke yake huku akiimba. Siku hizi alitembea amepinda, fimbo mkononi, mguu mmoja ukiburuta vumbi nyuma yake.

"Wewe msichana!" aliita. "Mbona unatembea kama mimi?"

"Hapana, Mzee. Ni kiatu tu kinanibana."

"Hata mimi nilisema ni kiatu." Zachary aliegemea fimbo yake. "Gunia liliniponyoka mgongoni, kitu kikalia ko! Nikanyamaza. Si niliogopa tajiri atanifuta kazi? Wiki tatu nikabeba tu, mguu umekufa ganzi, nanyamaza. Siku ya kwenda hospitali, gunia likawa ni mimi. Nilibebwa na watu wanne." Alicheka peke yake. Chepkorir hakucheka. "Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua. Mimi sikufa, lakini ona."

Aliuburuta mguu wake akaenda zake. Chepkorir alibaki amesimama, akiitazama michirizi ya mguu ule kwenye vumbi.

Ijumaa basi la shule liliondoka mapema. Lilipita Kiminini na Kamukuywa, likakata Webuye kuelekea Bungoma, na njia nzima wenzake waliimba. Chepkorir alikaa dirishani akihesabu vidole vyake ndani ya kiatu. Kidole gumba alikihisi kidogo. Vinne vilivyobaki hakuvihisi. Asiposema, angekimbia, labda angeshinda. Na labda angerudi nyumbani akiburuta mguu, maisha yake yote. Akisema, jina lake lingefutwa, na kila mtu angejua ni mwongo. Alitamani basi lipate pancha.

Basi halikupata pancha. Uwanja wa Bungoma ulikuwa umejaa, vipaza sauti vikiita majina. Madam Nabwile alipiga goti mbele yake ili ambandike nambari kifuani.

"Usianze kwa kasi sana. Mzunguko wa mwisho ndio..." Madam aliinua macho. "Chepkorir, mbona unatetemeka?"

"Naogopa, Madam."

"Kila mtu huogopa kabla ya mbio."

"Siogopi mbio." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Madam, sihisi vidole vya mguu. Tangu juzi. Naogopa nitakuwa kiwete."

Madam Nabwile hakupiga kelele. Rangi ya uso ilimbadilika, akaichomoa pini ya nambari polepole, kana kwamba kifua kile kilikuwa ganda la yai. Alimwita Jentrix, aliyekuwa mkimbiaji wa akiba, akambandika yeye nambari hiyo, akamwomba mwalimu mwenzake aitazame timu. Kisha akamwekea Chepkorir mkono begani, wakaenda hospitalini.

Daktari aliyewapokea aliitwa Mukhisa, kijana mrefu aliyeshughulika na maumivu ya viungo na misuli. Aligongagonga goti la Chepkorir kwa kinyundo cha mpira, akamchoma vidole kwa kijiti, akamwambia asukume kwa mguu. Kisha akamlaza chali na kumtaka akunje magoti, ainue kiuno na akae hivyo. Chepkorir aliinua. Kabla daktari hajahesabu kumi, mwili mzima ulitetemeka na kiuno kikaanguka.

Mukhisa alikunja uso. "Madam, umesema huyu amefanya mazoezi ya tumbo na mgongo kila siku?"

"Kila siku. Dakika ishirini, zaidi ya mwezi mmoja sasa."

"Hapo ndipo ninaposhangaa. Kama angekuwa hayafanyi, ningesema misuli ni dhaifu, imechoshwa ikavimba, na inabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Hiyo inapona. Lakini mtu anayefanya kila siku, halafu anaanguka hivi?" Alivuta karatasi. "Itabidi niwatume Eldoret apigwe picha ya uti wa mgongo. Tutafute ugonjwa mwingine."

Chepkorir alimwona Madam Nabwile akikishika kiti, macho yamemtoka kwa hofu. Kalamu ya daktari ilikuwa inaandika. Kusema kwamba mguu unauma kulikuwa kugumu, lakini hili lilikuwa gumu mara mia, kwa maana maumivu si kosa la mtu na uongo ni wake mwenyewe.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo. "Sikufanya."

"Hukufanya siku gani?"

"Sikuwahi kufanya. Hata siku moja. Nilikuwa nainua mkono tu."

Kalamu ilisimama. Madam Nabwile alimtazama. Kisha akatoka nje, akasimama barazani akiwapa mgongo. Chepkorir alilia hadi kwikwi.

"Afadhali umesema," Mukhisa alimwambia, akiikunja ile karatasi. "Tulikuwa tunaelekea kutibu ugonjwa usiokuwa nao. Sasa sikiliza. Hutakimbia kwa wiki sita, na debe la mahindi usiliguse. Dawa yako utaifanya ukiwa umelala chini, kila siku, kidogo kidogo. Ganzi ikizidi, au mguu ukilegea, urudi siku hiyo hiyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari. Ni dawa gani?"

"Ubao na daraja," Mukhisa alisema. Chepkorir alifunika uso kwa mikono miwili.

Walirudi Kitale jioni hiyo. Jentrix alikuwa amemaliza wa tatu, na basi zima lilimshangilia. Madam Nabwile alimweleza mama yake Chepkorir yote, kwa upole, mbele ya Chepkorir mwenyewe. Lakini Chepkorir hakuambiwa neno na Madam. Hakugombezwa, hakuadhibiwa. Kimya hicho kilimtisha kuliko kiboko. Kila alipoiona filimbi ile shuleni, aligeuza njia.

Nyumbani alitandika mkeka, akahesabu. Siku ya kwanza alifika nane. Mama yake alikuja kumtazama, akacheka, akajilaza kando yake ajaribu, akaanguka alipofika sita. Tangu siku hiyo walifanya pamoja. Wiki ya pili vidole vilianza kuwasha, na Chepkorir alipiga kelele za furaha hadi ng'ombe akashtuka. Wiki ya tano aliweza kujishikilia dakika nzima. Mukhisa alipompima baada ya wiki sita, alimchoma kidole kwa kijiti na Chepkorir akaruka.

"Karibu tena uwanjani," daktari alisema.

Jumatatu iliyofuata alikwenda uwanjani. Madam Nabwile alimwita pembeni.

"Ulidhani nimekukasirikia," alisema Madam.

"Ndiyo, Madam."

"Nilikasirika. Lakini zaidi niliogopa, na mtu akiogopa sana hukosa maneno. Nani alikupandisha kile kilima mara kumi? Ni mimi." Aliishika filimbi yake. "Ulipoinua mkono, nilimwona msichana mwenye mgongo imara, nikampangia kazi inayomfaa. Msichana huyo hakuwepo, Chepkorir. Mzigo wake ukabebwa na wewe. Na ona, hata daktari alikuwa karibu kumtibu yeye, akuache wewe. Mtu anayetaka kukusaidia anafuata maneno yako. Ukimdanganya, atamsaidia mtu asiyekuwepo, na wewe utaumia."

Chepkorir aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Madam."

"Nilishakusamehe kule barazani. Sasa niambie. Leo unaweza mizunguko mingapi?"

Chepkorir alitazama uwanjani. Wenzake walikuwa wamemaliza mizunguko kumi, na Jentrix alikuwa mbele yao wote. Baadhi yao walikuwa wamegeuka kumsikiliza. Ulimi ulitaka kusema mitano. Moyo ulimdunda, ukadunda tena.

"Miwili, Madam."

"Basi ni miwili."

Alikimbia mizunguko miwili, akasimama.