Mashati Matatu Meupe

Kila alasiri, kabla hajagusa kitu chochote, Chiriku aliosha mikono mara mbili. Mama yake alikuwa dobi, na katika chumba chao cha kupigia pasi kidole kichafu kilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani. Mdomo wake ndio uliomshinda mama. Ulianza kazi tangu mlangoni na haukupumzika mpaka usingizi uuzibe, ndiyo maana wote walimwita Chiriku, kama yule ndege asiyeacha kelele, na jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye daftari la mahudhurio tu.

"Mama, nimeonewa!" alisema siku hiyo. Shule ilikuwa ikikusanya hadithi za wanafunzi zichapwe kitabuni, na yake ilikuwa imesomwa darasani, kisha ikarudishwa.

"Soma tuone," mama alisema, pasi ikienda na kurudi.

Chiriku alisimama wima. "Palikuwa na msichana mrembo, mpole, mwerevu, jasiri, mchapakazi, mwenye macho ya kung'aa na meno meupe..." Alivuta pumzi, maana sifa zilikuwa bado zinaendelea. Chini, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Sifa ni tele, lakini msichana mwenyewe sijamwona. Niletee mwanzo mwingine kesho asubuhi, la sivyo nafasi yako ataipata mwenzako."

"Anataka sifa ngapi huyu mwalimu?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi nakimbia dukani kununua sabuni. Rafu usiiguse."

Chiriku aliandika, akakata, akaandika tena, mpaka karatasi ikajaa pande zote. Kuchana kurasa za daftari la shule kulikuwa marufuku. Kwenye rafu palikuwa na mashati matatu meupe yaliyokunjwa, kila moja limebanwa kwa pini kijikaratasi chenye kazi ya mwenye shati: karani, seremala, mlinzi. Nyuma, vijikaratasi hivyo vilikuwa vitupu.

"Nitavirudisha," alijiambia. Neno hilo limewaponza wengi. Alivichomoa vyote vitatu, akaongeza sifa nyingine tisa. Alipoinua kichwa, mashati yalimtazama, na hakujua tena lipi ni la nani.

Angeweza kuvibana ovyo. Shati jeupe ni shati jeupe, na mama asingejua leo. Lakini kesho mlinzi angevaa shati la karani, na atakayetukanwa ni mama. Mama aliporudi alimkuta amesimama katikati ya chumba, vijikaratasi mkononi, mdomo umefungwa.

"Una nini? Mbona kimya?"

"Mama, nimevichomoa mimi. Sijui tena kipi ni cha shati lipi."

Mama hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliweka sabuni chini, akakunjua shati la kwanza.

"Tazama mkono wa kulia. Ukingo umesugulika, wa kushoto mzima. Huyu anaandika kutwa nzima. Lete cha karani." Akakunjua la pili. "Hapa begani pamepauka. Huyu hulea mjukuu, na mtoto hulala hapo akimdondoshea udenda. Nasugua kila wiki. Mlinzi huyo."

La tatu lilikuwa na kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi wa bluu, mafundo makubwa kama maharage.

"Mara mbili nimemwambia nimshonee vizuri," mama alisema. "Amekataa."

Chiriku akacheka bila kutaka. "Seremala ni mkaidi!"

"Nani kakwambia?"

"Si hicho kifungo!"

"Basi. Nimekwambia kama ni mrefu au mfupi? Nimetaja meno yake?"

Chiriku alichukua ile karatasi yake iliyojaa, akaisoma tena, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kwa jirani kuomba karatasi safi.

"Nenda," mama alisema. "Na kuanzia kesho, wiki nzima, vijikaratasi vyote utaviandika wewe. Nilikwambia rafu usiiguse."

Jioni wenye mashati walikuja, na kila mmoja akaondoka na lake. Seremala alikagua kifungo chake kwanza.

Asubuhi mwalimu alisoma mbele ya darasa: "Msichana alisimama mbele ya mama yake, vijikaratasi vitatu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kusema." Akakomea hapo.

"Kafanya nini?" aliuliza kijana wa dawati la nyuma, yule aliyepiga miayo jana sifa zilipokuwa zikisomwa. "Mwalimu, endelea basi!"

Mwalimu aliweka karatasi mezani. "Mnaona? Jana tuliambiwa msichana ni jasiri, tukapiga miayo. Leo hatujaambiwa kitu, na tunamwogopea. Ukitaka tumjue mtu, mlete akiwa amebanwa, kisha utuonyeshe anachofanya. Hata nyinyi wenyewe, watu hawatawajua kwa sifa mnazojipa. Watawajua kwa mlichofanya mlipokosea."

Hadithi ikapata nafasi kitabuni. Alasiri Chiriku aliosha mikono mara mbili, akamsimulia mama habari yote bila kuvuta pumzi.

"Na huyo msichana wako," mama aliuliza, "alisema kweli, au alibana ovyo?"

"Alisema kweli, mama."

"Vizuri," mama alisema, akamsogezea kalamu na rundo la vijikaratasi.