Leszek na Karatasi ya Kinga

Theluji ilikuwa imefika magotini. Leszek Wnuk alisafisha mlangoni kwake, halafu akaendelea hadi kwa jirani yake, Bi. Trammell. Mama huyo alikuwa wakili, na kiuno kilikuwa kinamsumbua.

"Jirani, ingia unywe kahawa," alimwita. "Mbona umenuna hivyo?"

Leszek alikuwa na sababu. Ghala alimofanyia kazi lilikuwa limeungua. Watu walisema bosi alilichoma mwenyewe ili alipwe bima. Sasa Leszek alikuwa ameitwa kutoa ushahidi mbele ya jopo kuu, yaani raia wa kawaida wanaopima kama kuna kesi ya kujibu. Mwendesha mashtaka alitaka kwanza atie saini karatasi kwamba anaiacha kinga yake ya kutoshtakiwa.

"Natia tu, mama. Kinga ni ya wezi. Mimi nina nini cha kuficha?"

"Kweli huna?"

Leszek akainamia kikombe. "Bosi aliniambia niingize madebe ya petroli ghalani. Nikaingiza. Sikujua anataka kufanya nini!"

"Haya, tulia unisikilize. Hapa New York, shahidi anayeitwa na jopo kuu ana kinga kisheria. Hushtakiwi kwa jambo uliloulizwa ukalijibu. Ila ukidanganya, utashtakiwa kwa uongo. Ukitia saini, umeivua kinga mwenyewe. Hayo madebe yatakurudia."

"Nikikataa si wataniona mwizi?"

"Nani kakudanganya? Ni haki yako. Wakiutaka ushahidi wako, watakuingiza hivyo hivyo. Na mtu asitie saini kabla hajaongea na wakili. Akishatia, ana haki ya kuingia na wakili wake."

Siku ya siku ikafika. "Sitii saini," Leszek alisema. Mwendesha mashtaka alikunja uso, akafikiri, kisha akamfungulia mlango wa chumba cha jopo.

Leszek alijibu kila alichoulizwa bila kuficha.

Mkewe, Halina, alimsubiri nje, midomo imekauka kwa baridi.

"Umesema na ya madebe?"

"Yote."

"Na wamekuachia?"

"Kwani unaongea na mzimu?"

Halina akamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi.

Baadaye bosi alishtakiwa kwa kuchoma ghala. Siku hiyo, mtu aliyeingiza madebe alikuwa nyumbani kwake, akigombania pierogi ya mwisho, sambusa ya kuchemsha ya kwao, na wanawe.