Aliyeitwa Bila Sauti

Kahawa ilikuwa imeisha, na bila kahawa nyumba ya Bibi Pruitt haikaliki. Ndiyo sababu Verlin Stroud alitoka jioni ile, jua likizama nyuma ya vilima vya Hollywood.

"Marehemu!" mama mwenye nyumba alimwita kutoka jikoni. "Wahi kabla duka halijafungwa. Na usinifie njiani, nina wageni."

Wapangaji wenzake walicheka. Jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Tangu aje kutoka Kansas alikuwa amekufa kwenye senema kila namna ya kifo: kwa risasi, kwa maji, kwa kuanguka farasini. Ukimtafuta kwenye pazia ulikuwa humwoni uso. Ulikuwa unaona buti, au mkono unaoning'inia pembeni mwa kitanda.

Lakini safari hii alikuwa na uso. Katika filamu mpya ya Bwana Lomax, mwongozaji wa studio, Verlin alipiga magoti makaburini akimlilia ndugu yake aliyekufa, na kamera ikamsogelea mpaka pazia zima likawa yeye. Watu walitoka ukumbini wakifuta macho na kuulizana, yule ni nani?

Alikuwa anarudi, pakiti ya kahawa kwapani, akipita mbele ya jumba la senema. Mkono ukamdaka.

Alikuwa Hulda Brandvold, mshonaji wa studio. Homa ilimziba masikio akiwa mtoto. Sauti yake ilikuwa bapa, haipandi wala haishuki, lakini alisoma midomo ya watu kama wengine wanavyosoma gazeti. Waigizaji walimpenda kwa hilo. Filamu hazikuwa na sauti, kwa hiyo mbele ya kamera kila mtu alisema analotaka, na Hulda ndiye aliyewaambia kwamba yule bibi harusi anayelia kwa mahaba alikuwa anamtukana bwana harusi kwa kula vitunguu.

Jioni hii hakuwa anacheka.

"Dewey ni nani?"

Pakiti ilimponyoka Verlin ikapasuka kwenye lami. Jina hilo hakuwahi kumtajia mtu yeyote California.

"Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe. Pale makaburini. Umesema: Dewey, inuka. Njoo ukae nilipo mimi."

Ni kweli alisema. Siku ile Bwana Lomax alimweka mpiga fidla nyuma ya kamera, kama ilivyo desturi, ili machozi yatoke. Yule mzee akapiga wimbo wa kanisani, ule ule wa mazishi ya kwao. Mwigizaji mwingine angetaja bei ya viazi, mradi midomo icheze. Verlin alishindwa. Dewey alikuwa mdogo wake. Yale mafua makubwa yalimchukua kwa juma moja, na siku anashushwa kaburini, Verlin alikuwa studio, amelala ndani ya jeneza la mbao nyepesi, akilipwa kwa kutopepesa macho. Angeweza kwenda. Hakwenda. Aliogopa nafasi isije ikachukuliwa na mwingine.

"Lilikuwa neno la uchungu tu, Hulda," alisema, akimtazama ili amsome vizuri. "Halikuwa na maana."

"Najua," alisema Hulda. "Lakini anakujibu."

Waliingia.

Mle ndani mlinukia karanga na makoti mabichi. Piano ilikuwa inalia taratibu. Hulda aliisikia kwa nyayo, kwenye mbao za sakafu. Makaburi yakatokea, na Verlin akajiona, mkubwa kama nyumba, midomo ikicheza.

"Usijitazame. Tazama nyuma ya bega lako."

Nyuma ya bega palikuwa na miti na ukungu. Verlin aliijua miti ile. Ilichorwa kwenye turubai. Nyuma ya turubai palikuwa na ukuta wa matofali na ndoo ya gundi. Hapakuwa na njia.

Mtu alikuwa anakuja kupitia katikati ya miti.

Alitembea kwa shida, kama anayevuta miguu kutoka kwenye tope.

"Juzi alikuwa mdogo kama kidole," Hulda alinong'ona. "Jana alifika kwenye ule mti uliopinda."

Sasa alikuwa ameupita mti.

"Midomo yake... inasema nini?"

Hulda alikaza macho kwenye pazia.

"Inasema: nasikia. Ita tena."

Na harufu ya karanga ikatoweka. Ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa. Udongo wa kwao.

"Na unamwita tena, Verlin," alisema Hulda. "Kila filamu inapozungushwa. Mchana na jioni. Hapa, na katika kila mji uliopelekewa ukanda. Unamwita bila kupumzika."

Asubuhi Verlin alimfuata Bwana Lomax ofisini, kofia mkononi.

"Doa," alisema Lomax baada ya kuinua ukanda kwenye mwanga. "Doa la dawa. Unaniamshia presha kwa doa?"

"Naomba ukate kipande hicho, mzee."

"Nikate!" Lomax aliweka sigara chini. "Nimekupiga picha nyayo miaka nenda miaka rudi. Leo nimekupa uso, unataka nikurudishe kwenye nyayo?"

"Nakuomba kwa jina la Mungu."

Lomax alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu.

"Sikia, kijana. Naweza. Nikipiga simu kwa wasambazaji, kesho mikasi inafanya kazi kila mahali. Lakini Jumatatu naanza filamu nyingine, na nilikuwa nimekuwekea nafasi. Ya kuonekana na kupendwa, jina lako limeandikwa kwenye pazia. Nafasi hiyo ni ya yule mtu wa makaburini. Nikimkata yeye, na wewe nimekukata. Nipige simu?"

Mkono wa Lomax ulikuwa juu ya simu.

Mungu atusamehe, tunamjua Yeye na bado tunachagua hivi. Verlin alikumbuka buti zake zote zilizoning'inia. Alijiambia ni doa. Alijiambia Hulda ni mpweke, na wapweke huona mambo.

"Acha, mzee," alisema. "Usipige."

Jumapili alikwenda kanisani, akapiga magoti kwa muda mrefu. Alitubu mengi. Hilo moja alilizunguka tu, kama mtu anayezunguka shimo.

Jioni walikuwa mezani, viazi na nyama ya chumvi, Bibi Pruitt aliporudi kutoka mlangoni.

"Marehemu, mbona hukusema? Mama yako amekuja."

Mama mtu aliingia na kapu lake, amevaa kofia ya kanisani. Mwanamke huyo hakuwahi kuvuka mpaka wa wilaya yao tangu azaliwe.

"Mama! Nani amekuleta huku kote?"

"Mdogo wako. Nani mwingine anihangaikie?"

Vijiko vilisimama.

"Tulikutazama kwenye senema pale mjini kwetu," aliendelea, akivua glavu. "Watu waliniambia haina sauti. Uongo. Mimi nilikusikia vizuri kabisa. Nilipofika nyumbani, Dewey alikuwa amekaa kwenye ngazi. Naye amekusikia."

Wapangaji walitazamana kwa huruma. Uchungu umemgeuza akili, walifikiri. Verlin pia alitamani kufikiri hivyo.

"Mama," alisema polepole, "Dewey alikufa."

"Najua alikufa. Nilimzika mimi. Wewe hukuwepo."

Verlin alitazama mlango.

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko nje, anafuta matope. Sikumlea aingie kwenye nyumba za watu na udongo miguuni."

Krrr...

Krrr...

Kilikuwa kile chuma cha kukwangulia viatu, pale kizingitini. Bibi Pruitt aligeuza kichwa.

"Nani tena huyo?"

Harufu ikaingia kabla ya mtu. Mbichi, nzito. Mwali wa taa ya mezani ukainama kama umepulizwa.

"Inuka basi, mwanangu," mama alisema kwa upole, akimshika bega. "Si ulimwambia aje akae ulipo wewe? Mpishe kiti."

Verlin alifungua kinywa akatae. Alitaka kulitaja jina la Bwana. Midomo yake ilicheza.

Sauti haikutoka.

Bibi Pruitt anasema alikwenda mlangoni, hakuona mtu, ni tope tu kwenye chuma. Aliporudi, Verlin Stroud alikuwa kitini pake, anakula kwa njaa kubwa, mama yake anamkatia mkate. Jumatatu aliwahi studio. Siku hizi jina lake linaandikwa kwenye pazia, na hakuna anayemwita Marehemu. Anacheka sana. Mama yake anaishi naye na hataki kurudi Kansas.

Hulda ndiye anayepiga brashi nguo zake. Ile filamu mpya ilikuwa ya dansi, ukumbi wa marumaru tupu. Kwenye pindo za suruali alikuta udongo.

Alikwenda kuitazama. Verlin anacheza na msichana mzuri, na nyuma yao kuna madirisha, na nje ya madirisha kuna bustani iliyochorwa kwenye turubai. Hulda hakutazama wachezaji. Alitazama bustani.

Mbali kabisa, mdogo kama kidole, mtu alikuwa amesimama. Alikuwa Verlin, amevaa koti alilokuwa nalo mezani kwa Bibi Pruitt, leso ya kulia bado shingoni. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Hulda. Niite.

Hulda alijiziba kinywa kwa viganja vyote viwili.

Humwombea kila siku, midomo imefumbwa, kwa maana Mungu hahitaji kutajiwa jina. Kisha Jumamosi hurudi kumtazama, naye bado yuko pale, hajasogea hata hatua. Anangoja. Hulda alimpenda mtu yule, na jina liko kwenye ncha ya ulimi.

Ila hajui, akimwita, nani atatakiwa kuinuka.