Sababu ya Tatu

Stoo ya shirika haikuwa na cherehani hata kimoja. Mhasibu alilijua hilo vizuri, kwa kuwa siku mbili kabla alikuwa amehesabu mali na mtunza stoo, na kwenye mstari wa vyerehani waliandika sifuri. Kwa hiyo saa tano asubuhi, aliposikia kanyagio la cherehani likipigwa nyuma ya ukuta wa stoo, taratibu, kama mtu anayepinda shuka, aliinua mikono kutoka kwenye kibodi.

"Mzee, unasikia?"

"Nasikia njaa tu, mama," alijibu mtunza stoo, akaendelea kupanga mafaili.

Ulikuwa mwisho wa mwaka wa hesabu na mkaguzi alitarajiwa wiki hiyo. Mhasibu alikuwa anaweka maingizo ya marekebisho: uchakavu wa samani, umeme uliotumika bila kulipiwa, na mwisho kabisa madeni yasiyolipika. Shirika lilikopesha wanawake vyerehani wakalipa kidogo kidogo, na wapo walioshindwa. Programu ya hesabu haikukubali kufuta deni bila sababu. Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza, amehama. Ya pili, ameshindwa kulipa. Hizo mbili zilitaka sahihi za kamati nzima, na kamati ilikuwa haijakutana mwaka wa pili huo. Ya tatu, mdaiwa amefariki, haikutaka sahihi ya mtu.

Mhasibu aliyemtangulia ndiye aliyemwonyesha siku ya makabidhiano. Wape wote ya tatu, alimwambia, hesabu zifunge, twende nyumbani.

Mwaka huu aliwapa wanne. Wote walikuwa hai. Wa nne alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa sare za shule, ambaye mume wake alikuwa amesimamishwa kazi. Alimfutia kwa huruma, na hakumwambia mtu.

Jumatatu mtunza stoo alileta habari kwamba mdaiwa wa kwanza kwenye orodha amekutwa amekufa, kainamia meza yake ya kushonea. Jumatano akafa wa pili. Ijumaa wa tatu. Kila mara kanyagio lilipigwa asubuhi nzima, ofisi ikanuka mafuta ya mashine na uzi ulioungua, halafu habari ya msiba ilipoingia, kanyagio likanyamaza.

Jumamosi shemeji yake alipiga simu. Alinong'ona, kama mtu anayeogopa kusikiwa chumbani mwake mwenyewe.

"Shemeji, mdogo wako hainuki. Macho kafumba, lakini vidole vinasukuma shuka, vinasukuma tu, kama anapitisha kitambaa kwenye sindano."

Mhasibu alikimbilia ofisini. Nyuma ya ukuta kanyagio lilikuwa limeshaanza. Alijaribu kubatilisha ingizo, programu ikakataa. Akatoa akiba yake yote, akaandika risiti kwa jina la mdogo wake, akaingiza malipo. Maandishi yakatokea kwenye skrini: Malipo hayapokelewi. Mdaiwa amefariki.

Mtunza stoo, ambaye sasa naye alikuwa anasikia na alikuwa ameacha utani, alimleta mganga. Mganga alifika na mkoba wake, akasimama mlangoni, akanusa. Hakuingia. Alimrudishia mhasibu hata nauli.

"Jini la kuvamia ningelitoa," alisema. "Hili halijavamia. Mnaliita kila mwaka, na majina mnaliandikia wenyewe. Miaka yote limekuwa likisoma tu. Safari hii mmeliandikia mtu wa damu yenu, nalo limeona kumbe hamtanii."

Alipoondoka, mhasibu alirudi kwenye meza, akabonyeza kubatilisha kwa mara nyingine, na safari hii skrini ikafungua ukurasa ambao hakuwahi kuuona kwa miaka sita ya kutumia programu ile, wenye swali moja, Akitoka huyu, anaingia nani, na chini yake orodha ya wadaiwa wote mia tatu na kumi na wawili, na umri wao, na namba zao za simu, na kanyagio likazidi kasi, na harufu ya uzi ulioungua ikamjaa kooni, na mkono wake ukashuka wenyewe hadi kwa bibi mmoja wa miaka themanini na moja asiyemjua, ukatulia hapo, na akajisikia akihesabu kwamba bibi ameshakula chumvi ya kutosha, kwamba hakuna atakayejua, mpaka aliposhtuka kwamba hivyo ndivyo alivyohesabu wiki nzima, akauondoa mkono.

Akaandika jina lake mwenyewe.

Programu ikajibu: Huyu hana deni.

Basi alifanya kazi aliyoijua. Alifungua ukurasa wa mikopo, akajikopesha cherehani kimoja, bei kamili, malipo ya awali sifuri. Programu haikuuliza kama kipo stoo. Akarudi, akaandika jina lake tena, akabonyeza.

Nyuma ya ukuta kukawa kimya.

Simu iliita. Hakuwa shemeji. "Dada," mdogo wake alisema kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini, "huyu mwanaume analia kama nimekufa, na uji kauunguza. Njoo umwambie kitu."

"Nitakuja," mhasibu alisema. "Kunywa maji kwanza." Akakata simu. Alilia kidogo. Kisha akajipangusa, akazima kompyuta.

Mlango wa stoo ulifunguka. Mtunza stoo alitokea na fomu ya makabidhiano mkononi. Hakumtazama usoni.

"Mama, kuna cherehani kule ndani," alisema. "Kina kibandiko chenye jina lako. Nimekigusa, kina joto."

Mhasibu alichukua kalamu akatia sahihi, kwa sababu mali ikitoka stoo lazima isainiwe. Mtunza stoo hakuipokea fomu. Alikuwa anatazama chini ya meza, na mhasibu alipotazama naye, aliuona mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu, kisigino, vidole, kisigino, taratibu, bila yeye kuuambia.